Jambazi Asiyeogopa Jua

Hadithi ya wizi wa kupanga huendeshwa na saa. Mmoja yuko mlangoni, mwingine juu ya paa, wa tatu ameshika usukani na injini inanguruma, na msomaji anahesabu dakika pamoja nao kwa kuwa mlinzi wa zamu atarudi saa sita na nusu. Ukiiondoa saa, kinachobaki ni watu wanaobeba magunia gizani. Mnyonya damu, kwa upande wake, hana saa. Ana miaka mia tatu, hana haraka na mtu, na akikuchukia anaweza kukungoja mpaka wajukuu wako wazeeke. Ndiyo maana hadithi hizi mbili zikifungwa kamba moja huvutana: ama jambazi anakuwa chakula tu, ama mnyonya damu anakuwa mwizi wa kawaida aliyeota meno marefu.

Ninachokijua kilichoweza kuzipatanisha ni kitabu cha vibonzo kiitwacho American Vampire. Kilianza kutoka Machi 2010 kama jarida la kila mwezi, chini ya Vertigo, tawi la kampuni ya DC ya Marekani lililokuwa likichapisha vibonzo vya watu wazima. Waliokibuni ni wawili: Scott Snyder, mwandishi wa Kimarekani ambaye kitabu chake cha kwanza kilikuwa mkusanyiko wa hadithi fupi, na Rafael Albuquerque, mchoraji kutoka Porto Alegre, Brazil. Stephen King, mwandishi mashuhuri wa hadithi za kutisha, aliingia kwa mlango wa uani. Aliombwa maneno machache ya kusifu ya kuwekwa kwenye jalada, yeye akasema angependa kuandika hadithi yenyewe, na akaandika sura tano. Jina lake ndilo lililowavuta watu dukani, na halina ubaya wowote. Lakini nimekirudia kitabu hiki mara nyingi, na kila nikikirudia namsoma King kidogo zaidi na kumtazama Albuquerque kwa muda mrefu zaidi.

Mpangilio wenyewe ulikuwa mtihani kwa mchoraji. Kila toleo kati ya yale matano ya kwanza limegawanywa katikati: kurasa 16 za Snyder, kurasa 16 za King. Hizo ni kurasa 32 kwa mwezi, wakati jarida la kawaida la Marekani miaka ile lilikuwa na kurasa 22 hivi, na zote zilichorwa na mtu mmoja, kuanzia penseli mpaka wino. Sehemu ya Snyder inatokea Los Angeles mwaka 1925, enzi ya sinema bubu. Sehemu ya King inaanza mwaka 1880, magharibi mwa Marekani, kwenye reli, vumbi na miji ya mbao. Msomaji akifika katikati ya toleo anarushwa miaka 45 nyuma, na hakuna anayemshika mkono.

Albuquerque angeweza kufanya wanavyofanya wengi: kubadilisha kofia, kubadilisha magari, kuandika mwaka pembeni, basi. Yeye alibadilisha namna ya kuchora. Kurasa za 1925 amezichora kwa mistari mikali na weusi mzito usio na ngazi. Kivuli kinaanza palepale mwanga unapokatika, kama sinema ya zamani iliyomulikwa na taa kali. Kurasa za 1880 amezipaka kwa wino uliozimuliwa kwa maji, ukatoa kijivu cha kila aina: kijivu cha moshi wa treni, kijivu cha koti lililofuliwa mara mia, kijivu cha uso wa mtu ambaye hajalala. Ukifumba jicho moja na kufungua kitabu popote, unajua uko mwaka gani kabla hujasoma neno.

Wino wa maji unastahili maneno zaidi, kwa kuwa ni kazi inayodanganya macho. Ukiutazama ukiwa umekauka unaonekana rahisi, kama kwamba rangi ilimwagika ikajipanga yenyewe. Anayeufanya anaandaa vikombe kadhaa, kila kimoja na kiasi chake cha maji, kuanzia wino wenyewe mpaka maji yaliyochafuka tu. Anaanza na kijivu chepesi, anangoja kikauke, anaongeza kizito juu yake. Akipaka kabla hakijakauka, kingo zinatambaa na uso wa mtu unayeyuka. Akichelewa, kingo zinakuwa ngumu na shavu linaonekana limekatwa kwa kisu. Mstari wa penseli ukikosewa unafutwa, na mstari wa wino unaweza kufunikwa kwa rangi nyeupe, lakini doa la wino wa maji likikaa limekaa. Nyeupe pekee iliyopo ni karatasi yenyewe, kwa hiyo mchoraji anapaswa kujua tangu mwanzo ni wapi hatagusa. Kung'aa kwa bastola, jino, ukingo wa kofia upande wa jua: vyote hivyo ni mahali ambapo mkono ulijizuia. Sasa fikiria kurasa 16 za namna hiyo kila mwezi, na nyingine 16 za namna tofauti kabisa zikikungoja mezani.

Halafu kuna Dave McCaig, aliyetia rangi. Kazi yake huwa haisemwi sana kwenye sifa za vibonzo, na hapa ilikuwa ngumu maradufu, maana rangi ikiwekwa juu ya kijivu hugeuka tope kwa urahisi. McCaig aliziacha kurasa za 1880 ziwe za rangi ya udongo na ngozi iliyokauka, akaihifadhi nyekundu kwa siku inayohitajika. Ikija, unaiona kutoka upande wa pili wa chumba.

Turudi kwa jambazi wetu. Anaitwa Skinner Sweet. Ni mnyang'anyi wa benki na treni, muuaji, mpenda peremende, mwenye tabasamu la mtu anayejua utani ambao wewe bado hujaambiwa. Tunapokutana naye mwaka 1880 amekwisha kamatwa. Aliyemkamata ni James Book wa shirika la Pinkerton, lile shirika la upelelezi ambalo Allan Pinkerton alilianzisha Chicago miaka ya 1850 na ambalo makampuni ya reli yalilitumia kuwawinda majambazi. Sweet yumo ndani ya treni, pingu mikononi, na genge lake linaiangusha treni ili limtoe.

Hapo ndipo King alipotumia akili. Ametupa tukio la wizi wa treni lenye kila kitu, mpango, reli, mlipuko, bastola, lakini mali inayoibwa ni mwizi mwenyewe. Wizi wa aina hiyo haukutoka hewani. Julai 1873, karibu na mji wa Adair katika jimbo la Iowa, genge la Jesse James lilifungua kipande cha reli, treni ikapinduka, dereva wake akafa, na wao wakapanda kuchukua sefu. Vitabu vya senti kumi, vilivyochapwa kwenye karatasi duni na kuuzwa vituoni, viliwageuza watu kama hao kuwa mashujaa wangali hai. Kitabu hiki kinalijua hilo, na hata msimulizi wa sehemu ya King, Will Bunting, ni mwandishi aliyemtengenezea Sweet jina kwa riwaya ya namna hiyohiyo.

Sasa tazama saa. Kwenye wizi wa treni, dakika ndizo zinazotawala, na kisanduku cha kibonzo ni chombo kizuri cha kukata dakika. Kisanduku chembamba ni sekunde. Kisanduku kipana ni pumzi ndefu. Visanduku vitatu vyembamba vikipangwa bega kwa bega, jicho linakimbia bila kuambiwa likimbie. Hakuna sinema inayoweza kukuachia uhuru huo, kwa maana kasi ya sinema iko kwa mwenye mashine, na kasi ya kibonzo iko kwako, ila mchoraji amekwisha kuinamisha njia ili uteremke anavyotaka yeye. Albuquerque anaikatakata fujo ya treni vipande vidogo vilivyoinama. Baadaye, Sweet anapozikwa na mji wote pamoja na makaburi yake kufunikwa na maji ya bwawa, mambo yanageuka. Mtu yumo ndani ya jeneza, chini ya ziwa, hafi. Miaka inapita juu yake. Chombo kilekile kilichokuwa kikihesabu sekunde sasa kinatakiwa kihesabu miongo, na kinaweza, kwa sababu ule mstari mweupe kati ya kisanduku na kisanduku hauna kipimo. Unaweza kubeba kupepesa kwa jicho au maisha ya mtu. Hili ndilo jambo ambalo naona kitabu kimelielewa kuliko vingine vyote vya jamii yake: mwizi anaishi ndani ya visanduku, mnyonya damu anaishi katikati yake.

Mbegu ya wazo hili ilikuwapo tangu zamani. Dracula ya Bram Stoker, iliyotoka mwaka 1897, watu huikumbuka kwa kasri na joho, lakini nusu yake ya mwisho imejaa ratiba za treni. Mina Harker anazijua kwa moyo. Wawindaji wanapiga hesabu ya meli, ya reli, ya farasi, wamfikie Dracula kabla jua halijazama, na wanamfikia kwa dakika chache tu. Mmoja wa wawili wanaomuua ni Mmarekani, Quincey Morris wa Texas, mwenye kisu chake cha kikwao. Na kuna tukio la London ambalo sinema nyingi zimelipita: Jonathan Harker, mume wa Mina, anamrukia Dracula kwa kisu, anamkosa, anachana koti, na kutoka kwenye lile koti zinamwagika noti na sarafu za dhahabu. Mzee wa Transylvania alikuwa na akiba ya safari mfukoni. Pesa na damu zilikwisha tembea pamoja mapema sana.

Jua ni habari nyingine. Dracula wa Stoker anatembea mchana mjini London. Jua linampunguzia nguvu, halimuui. Aliyelifanya jua kuwa mauti ni mtengeneza filamu Murnau, katika Nosferatu ya mwaka 1922, na tangu hapo watu wamedhani ni sheria ya kale. Snyder na King wanamfanya Sweet aina mpya, wa kwanza wa kabila lake. Damu iliyomgeuza ni ya Ulaya, lakini alipogeuka akatoka kiumbe mwingine: jua halimdhuru, linampa nguvu, na taya lake linafunguka kama la nyoka wa jangwani. Kinachomdhoofisha ni dhahabu, kitu kilekile alichokuwa akivamia treni kukitafuta, na usiku wa giza ambao mwezi haujaandama. Kwa hiyo saa imerudi mlangoni, ila sasa inahesabiwa kwa kalenda ya mwezi, na waandishi wanaitumia vizuri pale Los Angeles wakati wa kulipa deni unapofika.

Ugeuzaji wenyewe unahitaji kutazamwa kwa karibu. Tumezoea shingo: msichana amelala, dirisha liko wazi, matundu mawili. Picha hiyo imechoka mpaka watoto wanaiigiza kwa mchezo. Hapa damu inadondoka jichoni. Sweet anageuka hivyo mwaka 1880, damu ya adui yake ikimdondokea katika purukushani, kwa bahati mbaya tupu. Mwaka 1925 yeye mwenyewe anamdondoshea Pearl Jones jichoni, kwa makusudi. Ni tone moja tu. Kwa mchoraji, uamuzi huo ni zawadi, kwa kuwa jicho ndicho kitu ambacho msomaji hawezi kukitazama bila kulihisi lake. Pia ndiyo sehemu ya uso yenye weupe halisi wa karatasi, na tone likigusa pale halihitaji maneno. Nawaonya wenye moyo mwepesi: mkono utakwenda kwenye kope wenyewe.

Pearl ndiye anayenifanya nisikione kitabu hiki kama maonyesho ya ufundi mtupu. Ni msichana aliyekuja Hollywood kuwa nyota na akaambulia kusimama nyuma ya nyota, mmoja wa umati, huku akifanya kazi nyingine ili alipe chumba anachoishi na rafiki yake Hattie. Nyota mmoja wa kiume, Chase Hamilton, anamwalika kwenye karamu ya mtayarishaji mkubwa wa filamu. Karamuni kuna wazee wa Kizungu kutoka Ulaya wenye heshima, divai na meno. Wakimaliza, mwili wa Pearl unatupwa shimoni jangwani, pamoja na miili ya wasichana wengine waliomtangulia.

Albuquerque anamchora Pearl kabla na baada kwa namna inayohitaji uvumilivu kuiona. Kabla, mabega yake yamekunjwa kidogo, hata akicheka. Ni mabega ya mtu anayechukua nafasi ndogo kwa sababu amefundishwa kuchukua nafasi ndogo. Baada, mabega yamefunguka. Uso ni uleule, nywele ni zilezile, gauni linaweza kuwa lilelile, lakini mwili umejaza kisanduku. Kucha ndefu na mdomo uliojaa meno vitakuja, na vinatisha kweli, taya linafunguka mpaka unajiuliza mfupa umekwenda wapi. Mimi naona mabega ndiyo yaliyofanya kazi kubwa. Mchoraji wa kawaida angeanza na meno.

Na tuseme ukweli, hadithi ya Pearl nayo ni hadithi ya wizi. Anarudi kwa waliomuua, mmoja baada ya mwingine, kwa mpango, akijua nani yuko chumba gani, kudai kilichoibwa kwake. Snyder hamwiti mwizi, wala haandiki maelezo ya kutuonyesha kwamba nusu mbili za kitabu zinafanana. Anatuachia tuzitazame zikiwa zimelala upande kwa upande katika toleo moja.

Wanyonya damu wa Ulaya katika kitabu hiki wana kazi za heshima. Percy, ambaye damu yake ilimgeuza Sweet, ni mtu wa benki. Wa Hollywood ni wenye studio. Wamekuja Amerika kama wawekezaji, na wanamwona Sweet jinsi tajiri anavyomwona kibaka aliyeingia sebuleni na viatu vyenye matope. Msomaji wa Pwani, au wa Nairobi na Kampala ya zamani, hahitaji kuelezwa sana hapo. Hadithi za mumiani na za wazimamoto zilizosambaa Afrika Mashariki wakati wa ukoloni, ambazo mwanahistoria Luise White alizichambua katika kitabu chake Speaking with Vampires cha mwaka 2000, hazikuwa na kasri wala joho jeusi. Zilikuwa na gari, ndoo, sare na mshahara. Mnyonya damu wa bibi zetu alikuwa mwajiriwa, na damu ilikwenda kwa wakubwa. Mtu aliyekulia na masimulizi hayo akikutana na mnyonya damu mwenye benki hashtuki. Anauliza tu tawi liko wapi.

Uhusiano wa majambazi na jina la mnyonya damu una ukoo mwingine pia, na ni Paris. Mwaka 1915 na 1916, vita vikiendelea, Louis Feuillade alitoa kwa kampuni ya Gaumont mfululizo wa filamu wa sehemu 10 ulioitwa Les Vampires. Hakuna anayenyonywa damu humo hata kidogo. Vampires ni genge la wezi wanaovaa nguo nyeusi za kubana, wanapita juu ya mapaa, wanatumia sumu, mizinga na milango ya siri. Mwanamke wao maarufu, aliyechezwa na Musidora, anaitwa Irma Vep, na kwenye tangazo la klabu anamoimba herufi za jina hilo zinahama zenyewe mbele ya kamera mpaka zinakuwa neno vampire. Polisi wa Paris waliizuia filamu hiyo kwa muda, wakiona wezi wanapendeza mno. Nimeitaja kwa sababu inaonyesha upande wa pili wa mizani: Feuillade alikopa jina na weusi wa mnyonya damu akawavika wezi. Snyder, King na Albuquerque walichukua mwizi mzima, na tabia zake, na peremende zake, wakamnyima kifo.

Kumnyima kifo halikuwa jambo la kuruhusiwa siku zote. Mwaka 1954, baada ya kelele kubwa za wazazi na wanasiasa, wachapishaji wa vibonzo Marekani walijiwekea kanuni za kujichuja, na wanyonya damu walipigwa marufuku kwa jina. Walirudi kanuni zilipolegezwa mwaka 1971, na mwaka uliofuata Marvel ikaanza The Tomb of Dracula, ambayo Gene Colan aliichora matoleo yote 70 mpaka 1979. Anayetaka kujua kivuli kinaweza kufanywa nini kwenye karatasi ya bei poa atafute kurasa za Colan zilizotiwa wino na Tom Palmer. Moshi wake una uzito. Sidhani kama Albuquerque angekuwa na mahali pa kusimama bila mababu kama hao, ingawa mkono wake ni mkavu zaidi na una ncha zaidi.

Kasoro zipo. King anaandika kama mtu aliyezoea kurasa elfu, na mara kwa mara viputo vyake vya maneno vinabanana mpaka vinafunika anga ambalo Albuquerque alilipaka kwa taabu. Kile kisa cha Bunting mzee akizungumza na wasomaji dukani kinaturudisha nyuma kila tunapotaka kwenda mbele, ningekikata nusu. Wazee wa Ulaya wamechorwa wakifanana mno, suti kwa suti, na katika kurasa za mapigano ilinibidi nirudi nyuma kutafuta nani amekufa. Na Hattie, rafiki wa Pearl, anageuka haraka kuliko nilivyoweza kumwamini. Snyder alikuwa na kurasa 16 tu kwa toleo, najua, lakini usaliti ni kitu kinachohitaji nafasi, na nafasi hiyo ilikwenda kwenye meno.

Kuna jambo la mwisho la ufundi ambalo wasomaji wengi hulipita, nalo ni kufunua ukurasa. Hadithi ya kutisha inajengwa juu ya tendo hilo dogo. Kisanduku cha mwisho chini upande wa kulia ndicho kinachouliza swali, na jibu linakungoja nyuma ya karatasi, juu kushoto. Katika jarida la kila mwezi matangazo huingia katikati na kuivuruga hesabu hiyo. Katika mkusanyiko wa matoleo matano ya kwanza, uliotoka mwaka huohuo wa 2010, matangazo yameondoka na hesabu inaonekana. Ukiwa nao mkononi, jaribu kusoma sehemu yoyote ya 1880 mara ya pili bila kusoma maneno kabisa. Fuata kijivu tu, uone kinakuwa kizito wapi na karatasi imeachwa nyeupe wapi. Utagundua kwamba hadithi umeipata yote.

Mwaka 2011 kitabu kilipata tuzo ya Eisner ya mfululizo mpya bora, na haikuwa tuzo ya huruma. Mfululizo wenyewe uliendelea mpaka toleo la 34 mapema mwaka 2013, ukapita Las Vegas ya miaka ya 1930 na Vita vya Pili vya Dunia, ukarudi mwaka 2014 kwa mzunguko wa pili, na ukafungwa kabisa kwa American Vampire 1976, iliyokamilika mwaka 2021. Kadiri ulivyoendelea ndivyo ulivyoongeza mashirika ya siri, maadui wa kale na vita vya dunia nzima, na jambazi mmoja mwenye peremende akawa mdogo ndani yake. Kwa mwenye pesa ya kitabu kimoja, ushauri wangu ni mwepesi: nunua mkusanyiko wa kwanza, acha vingine kwa anayependa kukusanya, na usimwazime mtu kabla hujamaliza kutazama picha.